Kompyuta inawaka, inazima, inawaka tena: pima kabla hujanunua mazabodi

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina steshenari hapa Tanga na kompyuta ya mezani ndiyo inayobeba kazi zote, kuchapa, kuskani na picha za pasipoti. Ni ya kuunganishwa na fundi, mazabodi ni Gigabyte ya H61, prosesa Core i5-3470, RAM ni DDR3 vipande viwili vya 4GB, pawa saplai imeandikwa 500W. Juzi usiku umeme ulikatika na kurudi mara kadhaa. Asubuhi nikabonyeza kitufe, feni zikazunguka kidogo, ikazima, ikawaka tena yenyewe, ikazima, na mpaka leo ni hivyo hivyo. Skrini haionyeshi chochote. Fundi ameitazama dakika chache akasema mazabodi imekufa, ninunue nyingine. Kabla sijatoa hela, kuna namna ya kujihakikishia mwenyewe? Multimita ninayo na bisibisi ninazo.

JIBU: Namna ipo, na kwa dalili ulizoeleza mazabodi ni mshukiwa wa tatu au wa nne. Inasingiziwa sana kwa sababu kila kitu kimechomekwa kwake: pawa saplai ikilegea, RAM ikigoma, kitufe kikinasa, inayoonekana kugoma ni mazabodi. Fundi anayekata shauri bila kupima wala kubadilisha kipande hata kimoja amebahatisha tu, na akikosea hela inayopotea ni yako.

Anza na kipimo kisichohitaji hata bisibisi. Chukua simu, fungua saa ya kuhesabia, bonyeza kitufe, kisha hesabu inakaa sekunde ngapi kabla ya kuzima na uangalie kama inarudi yenyewe.

Feni zikishtuka tu na kuzima kabla sekunde moja haijaisha, kuna shoti mahali fulani na pawa saplai imejikinga. Ikikaa sekunde nne hivi, ikazima na kubaki kimya, shuku kitufe cha kuwashia kabla ya kitu kingine. Kompyuta za aina hii huzima zenyewe kitufe kikishikiliwa kwa sekunde nne, na kitufe cha plastiki kilichochoka hunasa ndani bila mtu kuona. Mashine nyingi nzima zimeshawahi kuuzwa kama spea kwa sababu ya kitufe. Ikikaa sekunde kumi na kuendelea, ukiwa unasikia feni ya prosesa ikipandisha kasi, tazama upande wa joto: kipoza joto kimelegea au pini zake nne za plastiki zimeachia. Na ikikaa sekunde mbili tatu, ikazima, ikarudi yenyewe bila kuguswa, kama yako, hapo washukiwa wakuu ni pawa saplai, RAM na BIOS (programu ya kuanzishia mashine iliyo kwenye chipu ya mazabodi), pengine kwa mpangilio huo huo.

Jambo moja lisikutie hofu utakapoanza kazi. Ukishatoa betri ya mazabodi au kubadilisha RAM, kuwaka na kuzima mara moja au mbili ndipo ikatulia ni kawaida. Mazabodi inajipangia upya namna ya kuzungumza na RAM. Tatizo ni ikizunguka bila kutulia.

Sasa maandalizi. Chomoa waya wa umeme ukutani, usizime swichi tu. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia sekunde kumi ili umeme uliobaki kwenye kapasita uishe. Piga picha za nyaya zote kwa simu kabla hujachomoa hata mmoja, hasa vile viwaya vyembamba vya kitufe cha mbele, maana ndivyo vinavyosumbua kurudishia. Shika chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa vipande, na rudia kila unapoinuka na kurudi. Pawa saplai yenyewe usiifungue. Ndani yake kuna kapasita kubwa inayohifadhi volti za moja kwa moja zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya, na hazikupi nafasi ya kujifunza.

Kisha ipunguze mashine mpaka ibaki na vitu vya lazima tu: mazabodi, prosesa na feni yake, kipande kimoja cha RAM, na pawa saplai. Chomoa hadidiski nyaya zote mbili, chomoa DVD, chomoa waya wa USB za mbele, toa kadi ya grafiki kama ipo, na usiache printa, kibodi wala mausi nyuma. Vyote hivyo havihitajiki ili mashine iwake na kutoa picha ya kwanza. Hadidiski iliyopigwa shoti baada ya umeme kurudi kwa kishindo inaweza kuzuia mashine nzima isiwake, na soketi ya USB ya mbele iliyopinda pini hufanya vivyo hivyo. i5-3470 ina grafiki yake ndani, Intel HD 2500, kwa hiyo waya wa skrini uchomeke kwenye tundu la VGA la mazabodi. Anayesoma hapa akiwa na prosesa isiyo na grafiki, mathalani Xeon E3-1230 v2 ambayo watu wengi wameiweka kwenye mashine za namna hii, huyo lazima aache kadi yake ya grafiki, la sivyo atasubiri picha isiyokuja.

Viwaya vya kitufe cha mbele navyo vichomoe. Kwenye kona ya mazabodi kuna pini zilizoandikwa F_PANEL, na mbili kati yake ni za PW. Washa kwa kuzigusanisha pini hizo mbili kwa ncha ya bisibisi bapa, nusu sekunde tu, kisha toa. Ikiwaka na kutulia, kosa ni kitufe au moja ya vitu ulivyochomoa. Rudishia kimoja kimoja mpaka mkosaji ajitaje.

Isipotulia, nenda kwenye pawa saplai, na hapa usiwe na haraka.

Kwanza hayo maandishi ya 500W. Fumba macho kuhusu namba kubwa, soma jedwali dogo la lebo kwenye safu ya +12V, lile lenye herufi A. Ikiwa inasema 14A, zidisha: 12 mara 14 ni 168W kwenye mstari unaobeba prosesa. Kwa mashine yako inatosha, maana i5-3470 imepangiwa 77W na huna kadi kubwa ya grafiki. Ninachotaka uone ni kwamba namba ya ubavuni huwa ya biashara, hasa kwa pawa saplai nyepesi mkononi. Nyepesi maana yake chuma cha kupoza ni kidogo na kapasita ni ndogo, na kapasita ndizo zinazochakaa.

Zikichakaa hutokea hivi: mashine iliyokuwa ikiwashwa kila siku huvumilia, kwa sababu kapasita iliyokauka hufanya kazi afadhali ikiwa na joto. Umeme ukikatika usiku kucha, zinapoa, na asubuhi haziwezi tena kushikilia volti pale mashine inapovuta umeme mwingi kwa ghafla wakati wa kuwaka. Ndiyo maana lawama huangukia umeme uliokatika ilhali ugonjwa ulikuwepo miezi. Kuna dalili moja ya kulithibitisha: iache izunguke kuwaka na kuzima kwa dakika tano hivi. Ikifika mahali ikatulia na kuwaka kabisa, kisha ikafanya kazi mchana kutwa bila shida, usihangaike zaidi, hizo ni kapasita, na mara nyingi ni za pawa saplai.

Sasa multimita. Iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20V. Ncha nyeusi ichomeke kwenye waya mweusi wowote wa plagi kubwa ya pini 24. Ncha nyekundu ipenyeze kwa nyuma ya plagi hiyo hiyo, pale waya unapoingia, plagi ikiwa bado imechomekwa kwenye mazabodi. Utafuata rangi. Pawa saplai chache hutoa nyaya zote nyeusi. Kwa hizo itabidi ufuate namba za pini, lakini za bei ya kawaida karibu zote zina rangi.

Mashine ikiwa imezimwa lakini waya wa ukutani umechomekwa, pima zambarau. Huu ni umeme wa kusubiri, unapaswa kuwa kati ya 4.75V na 5.25V. Ukikuta 4.3V, au namba inayocheza juu na chini, pawa saplai ndiyo mgonjwa, hata kama feni zinazunguka vizuri. Sehemu hii hufanya kazi saa 24 kila waya unapokuwa ukutani, kwa hiyo huchakaa mapema na hupigwa mapema umeme ukirudi na nguvu.

Kisha washa kwa bisibisi kama mwanzo, ukiwa umeshikilia ncha kwenye waya wa njano. Multimita ya kawaida husoma mara mbili tatu kwa sekunde, inatosha kuona kinachotokea katika hizo sekunde zako tatu. Njano inapaswa kukaa kati ya 11.40V na 12.60V. Rudia kwa nyekundu, 4.75V hadi 5.25V, na chungwa, 3.14V hadi 3.47V. Ukiona njano inaanza na 11.8V, inateleza 11.1V, ndipo mashine inazima, umeshapata jibu. Ukiwa na multimita yenye kitufe cha kushika kiwango cha chini kabisa, itumie, itakuonyesha hata mteremko ambao macho hayawahi kuuona.

Waya wa kijivu ndio watu wengi wanaousahau, na ndio unaosema ukweli kuliko zote. Pawa saplai huuinua mpaka karibu 5V ikiwa imeridhika kwamba volti zake zote ziko sawa, kati ya sehemu ya kumi ya sekunde na nusu sekunde baada ya kuwaka. Mazabodi haianzishi prosesa mpaka ione ishara hiyo. Kijivu kikibaki chini huku feni zinazunguka, prosesa haijaamshwa kabisa, na hapo hukumu ya mazabodi haina msingi. Ama pawa saplai ni mbovu, ama kuna kitu kinaivuta chini.

Tazama pia kijani. Huo ndio mazabodi inaoutumia kuiamuru pawa saplai: ukiwa chini karibu na 0 maana yake ni washa, ukiwa juu maana yake ni zima. Ukibahatika kuona kijani kimebaki chini wakati njano tayari imeporomoka, aliyejizima ni pawa saplai, mazabodi ilikuwa bado inaomba umeme.

Wako watakaokwambia kipimo cha pawa saplai ni kuichomoa, kuunganisha kijani na cheusi kwa kipande cha waya, na kuona kama feni yake inazunguka. Kipimo hicho kinafaa kujua ile iliyokufa kabisa. Iliyochoka hukifaulu bila jasho, kwa sababu haijabebeshwa mzigo. Kama huna njia nyingine, angalau iunganishe na hadidiski moja usiyoihitaji ili iwe na cha kuvuta, kisha pima volti. Kipimo bora kuliko vyote ni kuazima pawa saplai nzima kutoka kwenye mashine nyingine inayofanya kazi na kuichomeka kwa dakika mbili, plagi ya 24 na ile ya pini nne ya prosesa, basi.

Hiyo ya pini nne ina kazi nyingine. Iko karibu na prosesa, nyaya mbili za njano na mbili nyeusi. Ichomoe peke yake, acha ya 24, kisha washa. Bila hiyo mashine haiwezi kutoa picha, usitegemee. Unachotazama ni feni: kama awali zilikuwa zinazima na sasa zinazunguka mfululizo bila kukatika, basi kilichokuwa kinaangusha umeme kiko kwenye njia ya prosesa. Chomoa umeme wa ukutani, geuza multimita ipime ohm, yaani ukinzani, na upime kwenye soketi ya mazabodi yenyewe, kati ya pini inayoelekea waya wa njano na inayoelekea mweusi. Ukipata mamia au maelfu ya ohm, njia iko huru. Ukipata ohm moja, mbili au sifuri, kuna mosfeti (swichi ndogo ya umeme) iliyopigwa shoti kati ya zile zilizojipanga pembeni ya prosesa chini ya koili. Huo ndio ushahidi wa kwanza wa kweli dhidi ya mazabodi, na fundi wa kuchomelea mwenye mashine ya hewa ya moto anaweza kuibadilisha. Angalizo: usipime kwenye koili zenyewe ukashtuka kukuta ohm chache. Upande wa prosesa huwa na ukinzani mdogo sana kwa asili yake.

Tuseme volti zote ziko sawa. Twende kwenye RAM, ambayo kwa mtu wa pwani ningeweza kuanza nayo. Hewa ya Tanga ina unyevu na chumvi, na meno ya dhahabu ya RAM hushika utando usioonekana. Chomoa vipande vyote viwili. Sugua meno kwa kifutio cheupe cha penseli, polepole, pande zote mbili, kisha pitisha pamba yenye spiriti safi ya isopropili. Msasa usiguse; dhahabu ile ni utando mwembamba, ukiukwangua umeua RAM kwa mkono wako. Kwenye sloti pitisha brashi laini kavu, usipulize kwa mdomo, maana mate ni maji.

Rudisha kipande kimoja kwenye sloti ya kwanza, bonyeza mpaka vishikizo vya pembeni vilie kwa kujifunga. Washa. Isipokubali, kipande hicho hicho sloti ya pili. Kisha kipande cha pili sloti ya kwanza, na sloti ya pili. Majaribio manne tu, na kila moja ulizime na kuchomoa waya wa ukutani kabla hujagusa. Kipande kimoja kikigoma sloti zote na kingine kikakubali zote, RAM ndiyo mbovu. Vyote viwili vikikubali sloti moja na kugoma nyingine, sloti ndiyo mbovu, na unaweza kuendelea kufanya kazi na sloti moja. H61 inapokea mpaka 8GB kwa sloti, kwa hiyo kipande kimoja cha 8GB kitakurudisha pale pale ulipokuwa.

Ukienda dukani kununua, kuna mtego. Zipo RAM za DDR3 za 8GB za bei nyepesi zinazokubali mazabodi za AMD peke yake. Kwenye Intel kama yako hazitoi picha kabisa. Wakati mwingine stika inasema hivyo, wakati mwingine haisemi. Usilipe mpaka ijaribiwe kwenye mashine ya Intel ya enzi ya kwako. RAM za seva nazo hufanana kwa umbo na hazifanyi kazi hapo.

Kifaa kimoja cha bei ya chai kitakuokolea muda: spika ndogo ya mlio, yenye plagi ya pini nne, inayochomekwa palipoandikwa SPEAKER au SPK. Kasha nyingi za siku hizi haziji nayo. Ichomeke, toa RAM zote, washa. Mashine ikilia mlio unaojirudia, hiyo ni habari njema mno: prosesa inafanya kazi, BIOS inasomeka, mazabodi ina uhai wa kutosha kulalamika kwamba haioni RAM. Yule aliyesema imekufa amekosea. Ikiwa haijalia kitu bila RAM, tatizo liko kabla ya hapo, yaani umeme, prosesa, BIOS au mazabodi.

Kabla ya BIOS fanya usafishaji wa kumbukumbu ya mipangilio. Chomoa umeme, toa ile betri ya sarafu, CR2032, ipime. Mpya hutoa zaidi ya 3V kidogo. Ikiwa chini ya 2.8V weka nyingine. Betri iliyokufa kwa kawaida haizuii mashine kuwaka, inapoteza saa tu na kukusumbua ubonyeze F1, lakini mipangilio iliyovurugika wakati umeme unacheza inaweza kuzuia. Betri ikiwa nje, gusanisha pini mbili za CLR_CMOS kwa bisibisi kwa sekunde chache, subiri dakika tano, rudisha.

Sasa BIOS yenyewe, na hapa mashine yako ina lake la pekee. Gigabyte nyingi za enzi ile zina chipu mbili za BIOS, kuu na ya akiba, zimeandikwa M_BIOS na B_BIOS. Kuu ikiharibika, mazabodi huzima na kuwaka yenyewe ikijaribu kuhamia ya akiba. Dalili hiyo ni ile ile uliyoniandikia. Mara nyingine ukiiacha na kipande kimoja cha RAM, inafaulu yenyewe. Lakini H61 ilitoka 2011, pamoja na prosesa za kizazi cha pili, na i5-3470 ni kizazi cha tatu, ya 2012. Ikiwa chipu ya akiba ina BIOS ya zamani isiyoijua i5 yako, itarudi kwenye BIOS ambayo haiwezi kuiamsha prosesa hiyo, na mzunguko utaendelea milele huku kila kipande kikiwa kizima. Njia ya kujua ni kuazima prosesa ya kizazi cha pili, kama Core i3-2100, soketi ni ile ile ya LGA1155. Ikiwaka nayo, sasisha BIOS kwa flashi kutoka kwenye faili la tovuti ya Gigabyte la toleo lako hasa la mazabodi (tazama namba ya marejeo iliyochapwa pembeni, 1.0, 2.0, 2.1 na kadhalika, faili la toleo jingine haliingii), kisha rudisha i5.

Unapotoa prosesa, tazama pini za soketi kwa tochi ya simu ukiwa umeinamisha. Zikiwa zote zimelala upande mmoja kwa mpangilio, sawa. Moja ikimeta tofauti na wenzake, imepinda. Pini iliyopinda huweza kuua njia ya RAM moja tu, ukadhani ni sloti. Rudishia prosesa na dawa ya joto mpya, kiasi cha punje ya choroko katikati, na uhakikishe pini nne za kipoza zimelia zote.

Fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu, kile cha CH341A kinachouzwa kila mahali, anaweza kuandika upya BIOS bila kubadilisha mazabodi. Mwambie ahifadhi nakala ya kilichomo kabla hajafuta. Na kama kifaa chake ni kile cheusi cha bei rahisi, aangalie volti: baadhi hutoa 5V kwenye nyaya za data za chipu inayotaka 3.3V.

Kabla ya kutoa hukumu, toa mazabodi kwenye kasha, iweke juu ya katoni kavu na urudie jaribio la mwisho hapo. Usiiweke juu ya ule mfuko wa rangi ya fedha iliojia; nje ya mfuko huo hupitisha umeme. Skrubu iliyodondoka nyuma, au nguzo ya shaba iliyofungwa pasipo na tundu, hupiga shoti na kuifanya ionekane imekufa. Na tazama kapasita: zilizovimba kichwani au kutoa utomvu wa kahawia hubadilishwa kwa zenye mikrofaradi ile ile, volti sawa au zaidi, za 105°C. Zile ngumu za alumini zenye kichwa bapa kisicho na alama ya msalaba hazivimbi mara nyingi, kwa hiyo usizihukumu kwa sura.

Ikiwa kwenye katoni, na pawa saplai ya kuazima iliyo nzima, RAM inayojulikana ni nzima, prosesa iliyojaribiwa kwingine, BIOS imesafishwa, bado inazunguka: sasa sema mazabodi. Prosesa siiweki mwisho kwa upendeleo, ni kwamba hufa mara chache sana ikilinganishwa na hivi vingine.

Wasomaji wenye mashine za mtumba za HP na Dell, njia yenu ni fupi zaidi kwa sababu mashine zenyewe husema. HP Compaq 8200 Elite, 6200 Pro na ndugu zake hupepesa taa nyekundu na kulia: mara mbili ni joto la prosesa, nne ni umeme, tano ni RAM, sita ni grafiki, saba ni mazabodi, nane ni BIOS. Mlio hunyamaza baada ya raundi tano, taa huendelea, kwa hiyo hesabu taa. Dell OptiPlex nyingi zina kitufe kidogo na taa nyuma kwenye pawa saplai. Kibonyeze waya ukiwa ukutani, taa ya kijani ikiwaka pawa saplai imejipima. Lakini kuazima pawa saplai ya kawaida hakuwezekani kwa wote: OptiPlex 3020, 7020 na 9020 hutumia plagi ya pini 8, HP EliteDesk 800 G1 pini 6. Zipo nyaya za kubadilishia, zinunue kwa jina la mashine, usitengeneze kwa kukisia.

Kwako wewe wa Tanga, ikithibitika ni mazabodi, piga hesabu kabla ya kununua H61 nyingine. Mazabodi za LGA1155 zinazopatikana sasa ni za mtumba au zilizotengenezwa upya kutoka kwenye chipu za zamani, na dhamana yake ni fupi. Ukiongeza pawa saplai mpya juu yake, unakaribia bei ya mashine nzima ya mtumba ya HP au Dell yenye prosesa ya kizazi cha nne au zaidi. Hadidiski yako yenye kazi za wateja utaihamisha kama ilivyo. Ikithibitika ni pawa saplai, nunua inayotaja A za 12V waziwazi kwenye lebo, kisha weka UPS (kifaa cha betri ya akiba) yenye kurekebisha volti kati yake na ukuta. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS hiyo, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo inapopasha joto.

Ukikwama, niandikie haya: sekunde ulizohesabu, volti za zambarau ikiwa imezimwa, volti za njano na kijivu inapojaribu kuwaka, ohm za soketi ya pini nne, na kama spika inalia bila RAM.